Breki ya nyuma imerudishwa lakini haishiki: mtafute mgonjwa kabla ya kukaza waya

Baiskeli ya resi ikishazibwa pancha ya gurudumu la nyuma, au ikishafunguliwa kuoshwa na kurudishwa, lalamiko huja siku hiyo hiyo. Breki haishiki. Breki inakwaruza. Breki inalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Na mwenye baiskeli, kabla hata hajainama kuangalia, mkono umeshafika kwenye ajasta, kile kipande cha kuzungusha pale waya unapoingilia kwenye kalipa, ile mikono miwili inayozibana raba za breki kwenye ringi. Anakaza. Ikishika, anaondoka zake. Baada ya wiki mbili ajasta imefika mwisho wa nyuzi zake na hakuna tena pa kukazia.

Nimefanya hivyo mwenyewe, tena kwa muda mrefu. Kukaza waya ni panadol: maumivu yanatulia, malaria iko pale pale. Raba iliyokwisha ukiikazia waya itashika, na waya uliooza ukiukazia utashika pia, mpaka siku unaposhuka mlima.

Ninayoyaandika hapa ni ya breki za ringi, za kalipa moja iliyoshikwa na boliti moja kwenye daraja la fremu, juu kidogo ya tairi la nyuma. Breki za diski ni somo jingine.

Leva ya nyuma ni ipi?

Swali linaonekana la kitoto hadi likupate. Uingereza na Japani, leva ya kushoto kwa kawaida ndiyo ya nyuma. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya bara, ya nyuma ni ya kulia. Mitumba inatufikia kutoka kote huko, kwa hiyo baiskeli mbili zinazofanana rangi na umri zinaweza kuwa na breki zilizopishana. Fuata waya kwa kidole kutoka kwenye leva hadi uone unaishia wapi. Usipofanya hivyo utaijaribu ya mbele ukidhani ni ya nyuma, na siku utakapobana kwa hofu, baiskeli itabaki nyuma na wewe utatangulia.

Jaribio la dakika moja

Iweke baiskeli mahali ambapo gurudumu la nyuma linaweza kuzunguka. Igeuze kichwa chini kama huna stendi, ila tandika kitambaa chini ya leva.

Kwanza zungusha gurudumu huku ukitazama nafasi kati ya raba na ringi. Nafasi ikiwa inapungua na kuongezeka kila mzunguko, ringi imepinda au spoki imelegea, na hapo breki haina kosa. Mpelekee fundi wa spoki kwanza. Kurekebisha breki juu ya ringi inayocheza ni kushona nguo ya mtu anayekimbia.

Pili, legeza boliti inayoubana waya kwenye kalipa na uuchomoe waya. Sasa bana kalipa kwa vidole hadi raba ziguse ringi, kisha achia ghafla. Inatakiwa irudi kwa kishindo. Ikirudi polepole kama mlango wenye bawaba zenye kutu, mgonjwa ni kalipa. Ikirudi vizuri, shika ncha ya waya uliyoichomoa, mwambie mtu abane na kuachia leva, nawe uwe unavuta taratibu. Waya unatakiwa kuteleza bila kukukwaruza mkononi. Ukiusikia unasita, au unakwenda kwa vituo, mgonjwa ni waya au ganda lake, yaani lile bomba la nje ambamo waya unapita.

Vyote vikiwa vizima, tatizo liko pale raba inapokutana na ringi. Jaribio hili limeniokolea pesa nyingi kuliko chombo chochote nilichonunua, kwa sababu linanizuia kubadilisha kitu kisicho na ugonjwa.

"Nabana, leva inafika hadi kwenye usukani"

Anza na sababu ya aibu. Ubavuni mwa kalipa nyingi za resi kuna kijimkono kidogo cha kuifungua ili tairi lipite wakati wa kutoa gurudumu. Fundi wa pancha amekifungua, amerudisha gurudumu, amechukua hela yake, kijimkono kimebaki kimeinuliwa. Kilaze chini, kesi imekwisha. Kwenye breki za Campagnolo usikitafute kwenye kalipa. Wao huweka kitufe cha kazi hiyo kwenye leva.

Kama kimelala na leva bado inazama, tazama boliti ya waya. Bana leva kwa nguvu zako zote huku mtu anatazama waya pale ulipobanwa. Ukisogea hata nusu milimita, boliti haijakazwa vya kutosha, au waya umekaa nje ya mfereji wake. Ule mfereji mdogo chini ya washa si urembo. Waya ukipita pembeni yake unabanwa upande mmoja tu, na huo ndio waya unaochomoka ghafla siku ya mvua.

Kagua pia ncha za ganda. Ganda la waya wa nyuma hukaa kwenye vituo viwili au vitatu kwenye fremu, na wakati wa kuosha ncha moja huweza kuruka nje ya kituo chake na kuegemea ukingo. Ukibana leva ncha inajirudi, na safari yote ya leva inaliwa hapo. Sukuma kila ncha kwa kidole hadi ikae.

Baada ya haya ndipo utazame raba. Nyingi zina mistari iliyochimbwa usoni au alama ya mwisho wa matumizi. Mistari ikishafutika, usiguse ajasta. Nunua raba.

Waya mpya nao una tabia yake: siku chache za kwanza leva inaongezeka kina kidogo. Watu husema waya "umerefuka". Kwa kiasi kikubwa ni ganda linalojikalisha vizuri kwenye vituo na vifuniko vyake. Hapo, na hapo tu, ajasta inafanya kazi iliyoundiwa: izungushe kinyume cha saa, robo mzunguko kwa robo, hadi kila raba iwe milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye ringi.

"Inabana, lakini haiachii"

Kwa sisi wa pwani huu ndio ugonjwa wa taifa. Hewa ya chumvi inaingia kwenye ganda kupitia ncha zilizo wazi, na waya wa nyuma, kwa kuwa ndio mrefu na una sehemu inayolala karibu usawa chini ya bomba la juu la fremu, hukusanya maji humo ndani kama mtaro. Baiskeli ikikaa miezi miwili ya masika bila kuendeshwa, waya na ganda vinaoana.

Kama jaribio la dakika moja limekuonyesha ni waya, usihangaike kumwagia oili na kuomba. Oili nyepesi italainisha siku tatu, kisha inakusanya vumbi na kuwa ugali. Badilisha waya na ganda pamoja. Waya mpya ndani ya ganda lenye kutu ni shuka safi juu ya godoro la kunguni.

Dukani uwe macho mambo mawili. La kwanza ni kichwa cha waya. Leva za resi zenye usukani uliopinda zinataka kichwa chenye umbo la tone, kama pea ndogo. Baiskeli za mlima zinataka kichwa cha kipipa kilicholala. Waya nyingi za bei nafuu zina kichwa kimoja kila ncha, unakata usichokihitaji. Kata kile cha kipipa. Usiseme sikukwambia.

La pili linahusu uhai wako. Ganda la breki na ganda la gia yanafanana kwa nje, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. La breki, ambalo kwa kawaida lina unene wa milimita 5, limesukwa kwa chuma kilichozungushwa kama springi. La gia, milimita 4 kwa kawaida, lina nyuzi nyingi za chuma zilizolala kwa urefu. Ukilibana ganda la gia kwa nguvu ya breki, nyuzi zile zinaweza kupasua plastiki na kutawanyika, na leva inazama bila onyo. Muuza duka akikuambia "yote sawa tu bosi," kata kipande kidogo umwonyeshe ndani.

Ukikata ganda, tumia koleo kali. Ncha ikijikunja, isawazishe kwa tupa hadi uso wake uwe bapa, kisha ingiza msumari mwembamba ufungue kijibomba cha plastiki cha ndani kilichojifunga wakati wa kukata. Hatua hii watu wengi huiruka, halafu wanalalamika waya mpya ni mzito.

Urefu nao una maneno. Kile kipande cha mwisho, kinachotoka kwenye fremu na kupinda kuingia kwenye kalipa, kikiwa kifupi kinaivuta kalipa upande. Kikiwa kirefu mno kinaisukuma. Kipinde kwa tao laini, kama mpini wa kikombe.

Na kama mgonjwa ni kalipa yenyewe? Ioshe kwa brashi ya meno na maji ya sabuni, ikauke, tia tone moja la oili kwenye kila kiungo, ichezeshe mara ishirini, kisha futa kila kilichozidi. Tone, si kijiko. Oili inayodondoka kutoka kwenye kalipa inajua njia moja tu, nayo ni ya kwenda kwenye ringi.

"Raba moja inakwaruza"

Watu hurukia kalipa. Mimi huanza na gurudumu, kwa sababu mara nyingi halijakaa sawa kwenye vikato vya fremu. Isimamishe baiskeli kwa magurudumu yake, legeza ekseli, ikandamize kiti kwa uzito wako ili ekseli iingie hadi mwisho pande zote mbili, kisha funga tena. Nusu ya makwaruzo huisha hapo, na zana iliyotumika ni kiganja.

Likibaki, ndipo uishike kalipa. Nyingi zina kiskrubu kidogo juu au ubavuni cha kuisogeza kushoto na kulia. Kizungushe kidogo kidogo huku ukitazama mwanga unaopita kati ya raba na ringi. Kama haina, bana leva ili raba zishike ringi, legeza kidogo nati iliyo upande wa pili wa daraja, kalipa ijipange yenyewe, kisha kaza huku bado umebana.

Usijaribu kuisawazisha kwa kupinda mkono wa kalipa kwa bisibisi. Nimeona. Aluminiamu hupinda mara ya kwanza, na mara ya pili hukatika.

"Kalipa nzima inacheza"

Ukiishika kalipa ukaitikisa ikatikisika kwenye daraja, baiskeli hiyo haiendi popote. Kwenye fremu nyingi za resi, boliti ya kalipa inapita kwenye daraja na kukutana na nati ndefu iliyozama ndani kutoka upande wa pili, inayokazwa kwa spana ya L ya milimita 5. Nati hizi huuzwa kwa urefu tofauti, kuanzia kama milimita 10 hadi zaidi ya 30, kwa kuwa unene wa madaraja haulingani. Ukinunua kalipa ya mtumba ikaja na nati isiyo yake, inaweza kushika nyuzi mbili tatu na bado ukajiona umekaza.

Kipimo ni rahisi. Boliti ni ya milimita 6, na kila mzunguko mmoja inasogea milimita 1. Zungusha nati kwa vidole ukihesabu. Chini ya mizunguko sita kabla haijagota, nati ni fupi. Irudishe ukatafute ndefu. Na kama umenunua jozi, kumbuka kwamba kalipa ya mbele ina boliti ndefu zaidi, kwa sababu inapita kwenye foki. Yenye boliti fupi ndiyo ya nyuma.

Ukazo: kwa kalipa za resi za Shimano, nati hiyo ni Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 8 hadi 10, boliti ya waya Nm 6 hadi 8, boliti ya kila raba Nm 5 hadi 7. Kalipa ya kampuni nyingine au fremu ya kaboni, fuata maandishi yake. Wengi hatuna spana ya kupimia, kwa hiyo fikiria hivi: spana ya L yenye mkono wa sentimita 10, ukiibonyeza mwishoni kwa nguvu sawa na uzito wa ndoo yenye lita 8 za maji, umefika Nm 8 hivi. Kwa boliti ya raba, lita 6 zinatosha. Inua ndoo hiyo kwanza mkono ujue uzito wake, halafu uende kwenye boliti.

Raba zenyewe: hapa tusiharakishe

Kuna raba za aina mbili. Moja ni kipande kimoja na boliti yake, ikiisha unatupa yote. Nyingine ni raba nyembamba inayochomekwa kwenye kiatu, kikasha cha aluminiamu, na kushikwa na kiskrubu kidogo cha milimita 2. Kiatu hicho kina ncha moja iliyofungwa na nyingine iliyo wazi, na ndipo ilipo hatari.

Ncha iliyofungwa itazame mbele ya baiskeli. Gurudumu linapozunguka, ringi inaikokota raba kwenda mbele, kwa hiyo panatakiwa pawe na ukuta wa kuizuia. Ukigeuza, raba inashikiliwa na kiskrubu peke yake. Mimi niligeuza. Nilikuwa nimebadilisha raba usiku kwa tochi ya simu, upande wa kushoto nikauweka kulia, na kiskrubu kimoja nikakisahau juu ya meza. Kesho yake nikishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kwenye kona ambayo upande mmoja ni mwamba na upande mwingine hakuna kitu, raba ilitoka kama sabuni kwenye mkono wenye povu. Nilichosikia kwanza ni sauti ya chuma juu ya ringi, ndefu, kama kisu kinachonolewa. Breki ya mbele ilinisimamisha. Nilikaa pembeni ya barabara nikaitafuta raba kwenye majani, sikuiona, na nikatembea kwa miguu kilomita zilizobaki.

Viatu vingi vina herufi L kwa kushoto na R kwa kulia, pengine na mshale wa mwelekeo. Kushoto ni kushoto kwako ukiwa umekaa kwenye kiti, hata kama baiskeli imepinduliwa kichwa chini. Hapo ndipo tochi ya simu iliponidanganya.

Kupanga urefu: raba iguse uso wa ringi peke yake. Ukingo wake wa juu uwe kama milimita 1 chini ya ukingo wa ringi, na ukingo wa chini usining'inie nje kuelekea kwenye spoki. Raba inayogusa tairi ni hatari kuliko raba iliyokwisha, kwa kuwa inakata ubavu wa tairi kimyakimya hadi tyubu itokeze na kupasuka. Inayoning'inia chini inaisha nusu, na ile nusu isiyoisha inabaki kama mdomo unaoweza kunasa chini ya ringi. Na kadiri raba inavyokwisha, mahali inapogusia hubadilika, kwa hiyo kuipanga vizuri mwezi wa kwanza si dhamana ya mwezi wa sita.

Pinda lake nalo lifuate pinda la ringi. Bana leva, raba ikiwa imelala sawasawa kwenye ringi, ndipo ukaze boliti. Boliti ikikaribia mwisho huwa inaizungusha raba pamoja nayo, kwa hiyo ishike raba kwa vidole vya mkono mwingine hadi mwisho.

Na kama raba haifiki kabisa kwenye uso wa ringi, hata ukiishusha hadi mwisho wa mwanya wake kwenye mkono wa kalipa? Hapo kosa si lako. Kalipa nyingi za resi za kisasa zina ufikio wa milimita 39 hadi 49, kutoka katikati ya boliti hadi kwenye raba. Nyingine, za fremu zenye nafasi ya tairi nene, ni 47 hadi 57. Mambo haya huwapata sana wenye fremu za zamani zilizoundwa kwa ringi za inchi 27 ambao wamevalisha ringi za 700C. Kipenyo cha kukalia tairi ni milimita 630 kwa ile ya kwanza na 622 kwa ya pili, maana yake ringi mpya imeshuka milimita 4 kutoka kwenye kalipa. Kalipa iliyokuwa inagusa kwa shida sasa inapapasa tairi. Dawa ni kalipa ndefu zaidi. Kuchonga mwanya kwa tupa ili raba ishuke, kama nilivyoona kwenye baiskeli moja, ni kujichimbia.

"Inalia"

Kelele ya juu, kali, inayowafanya watu wageuke barabarani, mara nyingi hutokana na raba kugusa ringi uso mzima kwa pamoja na kuanza kutetemeka. Dawa ni kuifanya ncha ya mbele iguse kwanza, ya nyuma ifuate baada ya nusu milimita hadi milimita 1. Kata kipande cha kadi ya simu ya zamani, kiweke kati ya ringi na ncha ya nyuma ya raba, bana leva, kaza boliti, kitoe. Raba zenye washa za mviringo, moja imebonyea na nyingine imevimba, hukubali mchezo huu kwa urahisi. Zisizo nazo zitakusumbua.

Bado inalia? Chomoa raba utazame uso wake. Ukiwa unang'aa kama kisigino kilichopakwa mafuta, umeungua kwa joto. Usugue kwa msasa juu ya meza bapa hadi weusi butu urudi. Ukiona vidoa vya fedha, ni vipande vya aluminiamu vilivyomeguka kwenye ringi na kuzama kwenye raba. Vitoe kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, la sivyo vitaendelea kuikwangua ringi kwa sauti ya mchanga kwenye wali.

"Inashika, lakini haisimamishi"

Ringi yenye mafuta ndiyo mshukiwa wa kwanza. Aliyeusafisha mnyororo kwa mafuta ya taa au dawa ya kupuliza bila kufunika ringi amepaka breki kilainishi. Osha ringi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kausha, kisha futa kwa spiriti na kitambaa safi hadi kitambaa kitoke cheupe. Raba zilizokwisha kunywa mafuta msasa unaweza kuziokoa, mara nyingi hauwezi. Bei yake si ya kubishania.

Angalia pia kama raba zinaendana na ringi. Ringi za kaboni zina raba zake. Ringi za chuma zilizopakwa kromu, zile za baiskeli za kazi, zikilowa hazishiki vizuri hata uzifanyie nini. Mvua ikianza, anza kubana mapema.

Halafu kuna jambo ambalo si ugonjwa. Unapofunga breki, uzito wa mwili wako unahamia mbele na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo breki ya nyuma haiwezi kuvuta kama ya mbele, na ukiibana zaidi gurudumu litateleza tu. Kama kwa mkono mmoja unaweza kulifanya gurudumu la nyuma liserereke kwenye lami kavu, breki yako ni nzima. Acha kuitafutia dawa.

Mwisho wa hili, pitisha kidole kwenye uso wa ringi. Ringi mpya ni bapa. Ukisikia bonde, raba zimeshaila. Nyingine zina kitundu au mfereji mdogo wa alama, na alama ikifutika ringi imefika mwisho wake. Ukuta uliobaki mwembamba unaweza kupasuka kwa presha ya tairi, na hutachagua wakati wake.

Kabla ya kupanda

Bana leva kwa nguvu zote mara kumi, baiskeli ikiwa imesimama. Tazama tena waya kwenye boliti yake, raba kwenye tairi, nati ya kalipa. Leva ikiwa imebanwa hadi mwisho, vidole viwe vinapita kati yake na usukani. Kata waya uliozidi, uache sentimita 3 hivi, uvalishe kifuniko ncha ili usifumuke na kukuchoma mguu.

Sukuma baiskeli kwa miguu, bana ya nyuma peke yake: gurudumu ligome. Kisha panda, nenda polepole mahali tambarare pasipo na magari, simama mara tano sita ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Raba mpya zinahitaji kusimama huko mara kadhaa kabla hazijakubaliana na ringi, kwa hiyo usizihukumu kwenye kona ya kwanza.

Baada ya kilomita 50 hivi rudi na spana za milimita 4 na 5. Boliti za raba ndizo hulegea kwanza, na ajasta itataka robo mzunguko.